Kamera ya Nusu Milioni na Mistari ya Zambarau: Ipi Ununue Nairobi

Malalamiko ya wasomaji ni yaleyale, linalobadilika ni jina la ukumbi tu. Mtu ameachana na kamera yake ya zamani ya kioo (DSLR), amechukua mkopo wa sacco, amenunua kamera isiyo na kioo (mirrorless) kwa bei ya kiploti kule Joska. Harusi ya kwanza ya jioni, anafungua picha kwenye kompyuta na kukuta gauni jeupe la bibi harusi lina mkanda wa zambarau kifuani, shela ina mkanda wa kijani, na ukuta wa nyuma una michirizi kama kitambaa cha kikoi. Akirudi dukani anaambiwa hajaiseti vizuri.

Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi tatizo ni sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachodaka mwanga, na hakuna kitufe cha kuirekebisha.

Basi leo siongelei megapikseli, fokasi ya macho, wala ubora wa rangi. Ukishavuka laki nne, kamera zote zinafuata jicho la mtoto anayekimbia, zote zina pikseli za kutosha bango la Uhuru Highway. Kinachozitenganisha Nairobi, mji ambao kila kanisa, hema na ukumbi wa hoteli umejaa taa za LED, ni kitu ambacho muuzaji hakitaji na kasha halikiandiki: sensa inasomwa kwa muda gani shata (kinachopima muda wa kuingiza mwanga) ya elektroniki ikitumika.

Shata hiyo ndiyo ile ya kimya, ambayo wengi huiwasha mara tu mchungaji anapoanza kuomba. Sensa haisomwi yote kwa pamoja. Inasomwa safu kwa safu kutoka juu hadi chini, kama mtu anayesoma gazeti. Na huku inasomwa, taa inapigapiga. Stima yetu ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa ya kawaida isiyo na kidhibiti kizuri hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, kila mpigo milisekunde 10. Sony A7 IV huchukua takriban milisekunde 67 kusoma sensa yake, sawa na mapigo sita na zaidi. Hesabu mistari kwenye picha iliyopigwa kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde chini ya taa kama hiyo, utapata sita au saba. Kamera haijaharibika. Imenakili alichofanya fundi wa taa.

Taa za jukwaani ni mbaya zaidi. Zile kopo za LED za bei nafuu hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na nyekundu, kijani na buluu kila moja hukatwa kivyake. Ndiyo sababu mistari huja na rangi badala ya kuwa giza tu, na ndiyo sababu gauni jeupe huiumbua kuliko suti nyeusi ya bwana harusi. Kusafisha mkanda wa zambarau kwenye kitambaa cheupe ni kazi ya picha moja moja kwa brashi. Ukiwa na picha 600, umekula faida yote ya harusi.

Nambari moja kwangu ni Nikon Z8, na sifichi kwamba naipendelea Nikon. Ilitoka 2023, ina megapikseli 45.7, na sensa yake ya tabaka (stacked) husomwa kwa chini kidogo ya milisekunde 4. Kasi hiyo inalingana na pazia la shata ya mitambo linavyokimbia, hivyo Nikon waliling'oa pazia kabisa. Kila picha unayopiga ni ya elektroniki, hata usipojua. Chini ya taa ya Hz 50, milisekunde 4 hazifiki hata nusu ya mpigo. Utaona upande mmoja wa picha umefifia kidogo, hutaona ngazi ya mistari.

Kwa taa za jukwaani Z8 ina chombo kingine, mpangilio wa kupunguza mtetemo wa mwanga wa taa wa masafa ya juu (High-frequency flicker reduction), ndani ya menyu ya kupiga picha. Huu hufanya kazi ukiwa kwenye S (unachagua kasi ya shata) au M (unapanga kila kitu mwenyewe) pekee. Ukiuwasha, gurudumu la shata halirukii tena kutoka 1/250 hadi 1/320, linasogea kwa hatua ndogondogo sana. Elekeza kamera kwenye skrini ya LED au kopo la jukwaani, tazama mistari kwenye skrini ya nyuma ya kamera, zungusha polepole. Mistari itapanuka, itafifia, kisha itapotea. Hapo umepata kasi inayobeba mapigo kamili ya ile taa. Iandike kwenye simu pamoja na jina la ukumbi, maana taa za ukumbi hazibadilishwi kila wiki. Fundi akibadilisha mwanga au rangi katikati ya shughuli, angalia tena.

Z8 ina kasoro zake. Betri ya EN-EL15c hupewa kadirio la picha takriban 340 kwa kipimo cha kiwanda, hivyo harusi ya kutwa inataka tatu, na ziwe halisi. Kadi ni mbili za aina tofauti, moja CFexpress aina B na nyingine SD. Ukizirekodi sambamba, ile SD ndiyo itaamua mwendo, basi usiweke kadi ya simu uliyoipata kaunta. Uzito ni gramu 910 bila lenzi. Zaidi ya hayo, 2023 Nikon wenyewe walitangaza kwamba baadhi ya Z8 za mwanzo zina tatizo la lenzi kutozunguka hadi kufunga, na nyingine vishikizo vya mkanda hulegea. Ukinunua ya mkono wa pili, hakikisha namba yake kwenye tovuti ya Nikon, vua na uvike lenzi mara tano, kisha vuta vile vishikizo kwa kidole.

Mwenye lenzi za zamani za Nikon atumie adapta ya FTZ II. Lenzi za AF-D, zile zisizo na mota yake ya fokasi, zitafunga, ila fokasi utazungusha kwa mkono.

Ya pili ni Canon EOS R5 Mark II ya 2024. Megapikseli 45, sensa ya tabaka pia, na husomwa kwa milisekunde 6 na kidogo. Hapo ndipo ilipopoteza nafasi ya kwanza. Lakini ina kitu ambacho Z8 haina: shata ya mitambo bado imo, na kamera yenyewe inaweza kupima mtetemo wa taa na kukupangia kasi ya shata. Unaielekeza kwenye taa, unaiambia ipime, inakujibu na namba yenye nukta. Kwa mtu anayeingia ukumbi mpya kila Jumamosi na hana dakika tano za kuchezea gurudumu, hilo ni jambo kubwa. Kama kabati lako tayari lina lenzi za EF, zile za Canon za kioo, usihame. Adapta ya Canon huzifanya zifanye kazi vizuri kabisa, na pesa ambazo ungetupa kwenye lenzi mpya ni nyingi kuliko zile milisekunde mbili. Angalia tu betri: kamera hii imetengenezewa LP-E6P, na ukiweka LP-E6NH ya zamani baadhi ya kazi zake zitakataa.

Ya tatu, Sony A9 III. Hii ndiyo kamera ya kwanza ya fremu kamili (sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm) kusoma sensa nzima kwa mpigo mmoja. Hakuna safu kwa safu, hakuna gazeti. Mistari inayotokana na usomaji wa safu haiwezekani, kitu chenye kasi kama rungu la gofu hakitoki kimepinda, na flashi inaoana na kasi yoyote ya shata hadi 1/80000. Mbona basi iko ya tatu? Kwanza, mtetemo hauishi, unahama tu. Shata ya 1/2000 ikidaka taa ikiwa imefifia, picha nzima inatoka ya giza, inayofuata inang'aa, na unaporusha picha 120 kwa sekunde utapata mfululizo unaopepesa. Ina mpangilio wa kupigana na hilo, uwashe. Pili, ISO yake (unyeti wa sensa kwa mwanga) huanzia 250, na kwenye giza la ukumbi chembechembe zake ni nyingi kuliko za kamera nyingine za megapikseli 24. Tatu, bei. Mpiga picha wa riadha Kasarani au wa raga aichukue bila kusita. Wa harusi atakuwa amelipia helikopta kwenda Rongai.

Sony A1 na A1 II husoma karibu sawa na Z8, zina megapikseli 50, na zina shata ya mitambo. Ni kamera nzuri mno. Kwa dola 6,499 za bei ya Marekani ilipotoka, dhidi ya 4,000 za Z8, sioni zinachokuongezea chini ya taa za hapa.

Za bei nafuu nitazitaja tu. Nikon Z6III na Canon R6 Mark II husoma kwa takriban milisekunde 15, mstari mmoja na nusu chini ya Hz 50, zinavumilika. A7 IV itumie kwa shata ya mitambo peke yake ukiwa ndani, na ujue kuwa kinga yake ya mtetemo hutambua Hz 100 na 120 tu, tena haifanyi kazi kwenye shata ya elektroniki. A7R V ina megapikseli 61 na sensa inayosomwa kwa kujikokota: nzuri kwa mandhari na bidhaa, iache nyumbani siku ya ibada.

Sasa jaribio, na ulifanye kabla pesa haijatoka kwenye simu. Omba kamera iliyofunguliwa. Ivalishe lenzi yoyote ya f/2.8 au inayofunguka zaidi, weka M, shata ya elektroniki, 1/1000, ISO 6400. Zima kila kinga ya mtetemo. Piga kasha jeupe au ukuta wa duka ukiwa umejaza fremu, picha kumi mfululizo. Maduka mengi ya Moi Avenue na Luthuli yana taa za LED za bei ya chini kabisa dari nzima, yaani duka lenyewe ni maabara. Kuza kila picha na uhesabu mistari. Kisha shusha hadi 1/100, na ISO hadi 640 picha isiungue, piga tena: mistari ya taa ya stima inapaswa kupotea, kwa kuwa 1/100 hubeba mpigo mzima. Ukipanda 1/125 itarudi kwa mbali. Halafu geukia ile skrini ya matangazo nyuma ya kaunta, au televisheni inayouzwa, upige kwa 1/250 na 1/320 uone tofauti. Mwisho, shika rula wima, uipeperushe kushoto na kulia mbele ya lenzi kwa 1/2000. Ikitoka imelala kama mgomba kwenye upepo, umejua sensa ni ya mwendo gani.

Kwenye video, hakikisha kamera iko PAL (mfumo wa video wa nchi za Hz 50), fremu 25 na shata 1/50. Nyingi zinazoingia nchini zimetoka masoko ya NTSC na hukaa kwenye fremu 30 na 1/60, halafu mwenyewe anashangaa kwa nini ukuta unapumua. Na stima ikipotea jenereta ndogo ikachukua nafasi, masafa huyumba kadiri mzigo unavyoongezeka, hivyo 1/50 haikuhakikishii kila kitu. Ongea na mtu wa jenereta mapema, asiunganishe jiko la umeme la wapishi kwenye laini ya taa.

Hilo la masoko linanileta kwa wauzaji. Bei ya Z8 ilipotoka ni dola 4,000, ambazo kwa shilingi 129 ni 516,000. Ongeza VAT ya asilimia 16 peke yake, kabla ya ada nyingine za forodha, unafika 598,000 na zaidi. Kwa hiyo anayekutajia 430,000 kwa mpya iliyofungwa anakuficha kitu. Ama si mpya, ama haikupita mlango wa mbele. Sony nyingi zilizotengenezewa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na lugha haibadilishwi. Iwashe, fungua orodha ya lugha, hesabu. Ikiwa moja, irudishe kwenye kasha, maana hata siku ya kuiuza utamtafuta mnunuzi anayesoma Kijapani.

Kuna ule mchezo wa bei mbili pia, ya risiti na ya bila risiti, kana kwamba VAT ni hiari ya mteja. Dai risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi KRA, iwe na namba ya kamera. Linganisha namba ya chini ya kamera na ya kasha na ya kadi ya waranti, zote tatu. Uliza waranti ni ya nani: "waranti ya duka" ya miezi sita maana yake ni fundi wa ghorofani mwenye bisibisi. Na ukiambiwa kamera haiuzwi bila mkoba, tripodi ya plastiki na kadi ya kumbukumbu isiyo na jina, hesabu thamani ya hivyo vitu kuwa sufuri na upatane upya kuanzia hapo. Zile kurasa za mtandaoni zinazoandika "bei inboksi" sizijibu.

Bajeti halisi ya Z8, basi, si kamera peke yake: betri mbili za ziada, CFexpress aina B moja ya gigabaiti 256 au zaidi, SD moja yenye alama ya V90 (ya kasi ya juu). Muuzaji akikataa kufungua kasha mpaka ulipe, vuka barabara. Duka linalofuata lina taa zilezile mbovu za kufanyia jaribio.