Uzoefu wangu na lugha ya J: kitone kimoja kwenye fumbo la jumla kubwa

Nimekuwa nikifumbua mafumbo ya programu kwa J, lugha ya programu ya safu (hushughulikia orodha nzima ya namba kwa mpigo) iliyoanzishwa na Kenneth Iverson na Roger Hui mwaka 1990. Ni ya bure, na tofauti na APL, lugha iliyoitangulia yenye alama zake maalumu, inatosheka na alama za kibodi ya kawaida.

Fumbo lililonifanya niipende ni hili: katika orodha ya namba, tafuta namba zinazofuatana zenye jumla kubwa kuliko zote. Kwa 2 _5 4 _1 3 _2 (hasi huandikwa kwa mstari wa chini) jibu ni 6, yaani 4 _1 3. Kutochukua namba yoyote kunaruhusiwa, jumla ikawa 0.

Jibu langu la kwanza:

>./ , +/\\. a

Yaani, a ikiwa ndiyo orodha, chukua kila mkia wake (kuanzia namba yoyote hadi mwisho), ujumlishe hatua kwa hatua, kisha chagua jumla iliyo kubwa kabisa. Hakuna kitanzi (amri ya kurudia hatua) hata kimoja! Nilifurahi mno. Lakini msimbo huo huunda jedwali zima. Namba 1,000 huzaa visanduku 1,000,000, kama megabaiti 8. Hizo si kitu. Namba 100,000 hudai gigabaiti 80, na kompyuta yangu haizifikii hata kwa mbali.

Jibu la pili ndilo ninalolitumia hadi leo:

>./ (0 >. +)/\. a,0

Unaanzia namba ya mwisho ukirudi nyuma, unajumlisha, na jumla ikishuka chini ya sifuri unaifanya kuwa 0. Ile 0 ya mwishoni usiiache: orodha ikiishia na namba hasi, hesabu inaweza kuharibika.

Uzuri wote uko kwenye kitone. Alama \. hupita kwenye mikia, na kwa kuwa J hukunja orodha (huunganisha namba zake hadi ibaki moja) kutoka kulia, kila mkia hutumia jibu la mkia mfupi kuliko wenyewe. Orodha inapitiwa mara moja tu. Ondoa kitone, nayo inapita kwenye vichwa vya orodha (kuanzia mwanzo hadi namba yoyote): jibu linabadilika, na kwa kitenzi (J huziita hivyo amri za kukokotoa) cha kujitungia kama hiki cha kwenye mabano, kazi inakua kwa mraba: namba zikiwa mara mbili, kazi huwa mara nne.

Anayeanza ajue mapema 6!:2 ya kupima muda na 7!:2 ya kupima kumbukumbu. Mimi nilichelewa kuzijua.

Sasa natafuta namna ya kuonyesha namba zenyewe, si jumla yake tu, bila kulirudisha lile jedwali.