Dawa nne kwa goti moja: uzoefu wangu

Goti langu la kulia limelika gegedu, maradhi ambayo jirani zangu hapa Tanga huyaita baridi yabisi ingawa ni ugonjwa mwingine. Nilianza na ibuprofeni ya miligramu 400, mara tatu kwa siku baada ya chakula. Ilinituliza, lakini nguvu yake iliisha usiku, na alfajiri kukaa tahiyatu kukawa mateso.

Ndipo niliponunua diklofenaki ya miligramu 50 bila cheti cha daktari, kosa ninalolikiri. Kwa kuondoa maumivu sijaona mfano wake: siku ya tatu nilipanda ngazi bila kushika ukuta. Wiki ya tano nikapata kiungulia, kisha choo cheusi kama lami, nami nikadhani ni mchicha niliokula, kumbe tumbo lilikuwa linavuja damu. Daktari alinifafanulia kwamba dawa hizi huzuia vimeng'enya viwili, kimoja kikichochea uvimbe na kingine kikilinda ukuta wa tumbo, hivyo anayefukuza maumivu huweza kuubomoa ukuta huo pasipo kuhisi. Shinikizo langu la damu, ambalo hulidhibiti kwa dawa ya losartani, nalo lilikuwa limepanda, kwa sababu dawa hizi huzifanya figo zibakize chumvi na maji mwilini.

Tumbo lilipopona nikaandikiwa selekoksibi ya miligramu 200 mara moja kwa siku, pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Hii hulenga zaidi kimeng'enya cha uvimbe, na kweli kiungulia hakikurudi. Hata hivyo si salama zaidi kwa moyo, kwani ndugu yake rofekoksibi, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Kwa hiyo niliruhusiwa kuitumia kwa siku chache tu, huku nikipimwa shinikizo na figo.

Niliyoidharau ndiyo niliyobaki nayo: jeli ya diklofenaki ya kupaka. Ilichukua zaidi ya wiki kuonyesha kazi, na harufu yake mke wangu haipendi, lakini dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo mno ikilinganishwa na ya vidonge. Hufaa goti na vidole. Nyonga imejificha ndani mno. Selekoksibi nimeihifadhi kabatini kwa siku mbaya, na kabla ya kumeza hupima shinikizo kwanza.