Kadi za wanawake waliodai kura: nilivyozitumia Mwaloni

Nilinunua kadi hizi kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha pili aliyekuwa na mdahalo shuleni. Ziko 30, picha mbele, maelezo ya Kiswahili nyuma. Muuzaji wa mtandaoni alinitoza 28,000, nauli ya mzigo juu yangu. Nilizipokea stendi ya Nyegezi siku ya tisa, boksi limebonyea kona. Nilipompigia akaniambia niongee na watu wa basi. Haya.

Binti alizishika siku mbili tu. Aliyezifaidi ni mimi. Ni katibu wa kikoba cha akina mama wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba, na Jumamosi moja tukimsubiri mweka hazina nikazitoa kwenye mkoba.

Iliyowashika ni ya Kate Sheppard wa New Zealand. Mwaka 1893 yeye na wenzake walikusanya saini nchi nzima, wakagundisha karatasi moja kwa nyingine mpaka ukapatikana mkanda wa mita 270 hivi, una saini zaidi ya 25,000, wakauviringisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall akauachia ubingirike katikati ya ukumbi wa bunge hadi ukagonga ukuta. Septemba 19 mwaka huohuo sheria ikasainiwa.

"Mita 270?" akauliza mama mmoja. "Hiyo si barua, mwanangu. Hilo ni kokoro, wavu wa kuvulia."

Walicheka, kisha wakaanza kubishana gundi yote hiyo ilitoka wapi.

Ya Susan B. Anthony nayo ilizua jambo. Alipiga kura Rochester, New York, mwaka 1872 wakati wanawake hawaruhusiwi. Akakamatwa, akatozwa faini ya dola 100, na hakuilipa hadi anakufa. Mweka hazina akaniomba nisiisome tena mbele ya wanaodaiwa faini za kuchelewa.

Sasa kasoro. Kadi ya Emmeline Pankhurst inasema wanawake wa Uingereza walipata kura 1918, basi. Mwaka ule walipata waliofikisha miaka 30, tena kwa masharti ya mali. Kupiga kura kwa masharti sawa na wanaume kulikuja 1928, wiki chache baada ya Pankhurst kufariki. Masharti si jambo dogo. Hata hapa Tanganyika, uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Muuza samaki wa enzi zile angepenya wapi?

Na Bibi Titi Mohamed hayumo! Huda Shaarawi wa Misri yumo, Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria yumo, lakini aliyeongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955, akiwafikia kupitia vikundi vya ngoma, hakupewa hata nusu kadi. Binti alikata lile boksi lililobonyea akamtengenezea yake.

Karatasi ni ngumu na imefunikwa nailoni, inapanguswa harufu ya dagaa ikatoka. Nyota tatu kati ya tano.

Pakiti yangu sasa ina kadi 29. Sheppard kafungiwa kwenye sanduku la kikoba, na funguo wanazo watu watatu tofauti.