Fulana mbili za pamba ogani: moja ina namba, nyingine ina picha ya jani

Nilinunua fulana mbili nyeusi mtandaoni, maduka mawili tofauti, zote zimeandikwa pamba ogani (yaani ya kilimo hai), zote zinajisifia eti ni rafiki wa mazingira na walioshona wanalipwa vizuri. Nimezivaa na kuzifua miezi minne sasa, na nimehangaika na lebo zake kuliko mtu mwenye akili timamu anavyotakiwa kuhangaikia fulana, kwa hiyo haya ndo maoni yangu, ya nguo na ya vyeti vyake pia.

Ya kwanza. Ndani, kwenye mshono wa ubavuni, kuna kilebo cheupe chenye nembo ya GOTS (kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi ogani), kile kijishati cheupe kwenye duara la kijani, na chini yake vitu vitatu: daraja la pamba, shirika lililokagua, na namba ya leseni. Maandishi madogo mpaka nikapiga picha na simu nikavuta. Nikaingia tovuti ya GOTS, sehemu ya kutafuta ni bure, nikaweka namba, ikaja kampuni yenye jina lile lile la muuzaji na kwenye orodha ya bidhaa zake fulana zimo. Dakika mbili tu. Ukikuta nembo hiyo haina namba wala jina la mkaguzi, hilo ni pambo.

Daraja nalo lisomeni. Ikiandikwa ogani peke yake maana yake nyuzi za ogani ni 95% au zaidi, ikiandikwa imetengenezwa kwa ogani asilimia kadhaa hapo wanaanzia 70%. Yangu ni ile ya juu. Afu kitu ambacho wengi hawajui, GOTS haikagui shamba, shamba linakaguliwa kwa viwango vya kilimo hai, GOTS inaipokea pamba kuanzia kwenye kinu cha kuchambulia, inaifuata kwa wanaosokota uzi, wanaofuma, wanaotia rangi mpaka wanaoshona, na huo mnyororo ukikatika popote pale hapo katikati nguo ya mwisho haina haki ya kutumia nembo hata kama uzi wake ni ogani kweli. Fulana ya pili iliangukia hapo hapo.

Hii ya pili ukurasa wake ulinivutia zaidi, nakiri. Jani la kijani, neno "imethibitishwa", na picha ya mikono imeshika pamba (hiyo mikono naionaga kila duka, sijui ni ya nani). Mzigo ukafika, nageuza nguo ndani nje, namba hamna. Kwenye kola wamechapa lile jani tu. Nikawaandikia kistaarabu, samahani naomba kuona cheti chenu. Siku tatu kimya, kisha jibu: "Kitambaa chetu kina cheti cha GOTS, karibu tena." Nikasema sawa, nitumieni basi hicho cha kitambaa. Wakatuma PDF.

Cheti ni halisi, nilihakiki. Ila jina pale juu ni la kampuni nyingine kabisa, na ukishuka kwenye kiambatisho, pale wanapoorodhesha bidhaa na kazi zilizokaguliwa, kuna uzi, kuna kusokota, basi. Kufuma hamna, kutia rangi hamna, kushona hamna, na muda wake uliisha miezi saba kabla sijanunua. Fulana nyeusi jamani! Kutia rangi ndo kwenye kemikali na maji machafu kuliko hatua zote, na ndo haimo. Wanaoshona, wale wale ambao ukurasa unasema wanalipwa vizuri, nao hawamo. Yaani karatasi ya kiwanda cha uzi inatumika kusifia mishahara ya watu wa cherehani. Nikawauliza nani alishona hii nguo, wakanitumia kuponi ya punguzo.

Na hata kingekuwa hakijaisha muda, cheti cha aina hiyo kinasema kampuni imekaguliwa na inaruhusiwa kufanya hizo kazi kwa kiwango, hakisemi mzigo huu ulionao mkononi ndo wenyewe. Mzigo unatembea na karatasi yake, cheti cha muamala, ukitoka kiwanda kimoja kwenda kingine. Hizo nazo watu wanaghushi: mwaka 2020 GOTS wenyewe walitangaza kwamba wamekuta vyeti vya uongo huko India, vya pamba tani 20,000. Sisemi mtupe lebo, nasema msiishie kuangalia rangi ya nembo.

Kuwatendea haki, hiyo fulana ya pili ilikuja na kikaratasi cha OEKO-TEX Standard 100 chenye namba, na kwenye tovuti ya OEKO-TEX namba ikakubali. Hicho kipo tangu 1992 na ni kizuri kwa kazi yake: wanapima kama nguo ina vitu vya kudhuru, mpaka uzi wa kushonea na vifungo, na nguo za watoto wadogo mpaka miaka 3 zina vipimo vikali zaidi. Lakini hakisemi pamba ilinyunyiziwa nini shambani wala fundi aliingia saa ngapi akatoka saa ngapi. Wao wamekiweka chini ya kichwa cha habari "maadili". Hapo ndo waliponichefua.

Sasa nguo zenyewe. Ya kwanza imerudi urefu kama vidole viwili baada ya kufuliwa mara ya kwanza, mabegani imepauka kidogo, kola bado imekaa vizuri. Ya pili ni laini zaidi na ilinikaa vizuri zaidi siku ya kwanza, ila mshono wa ubavuni umejizungusha mpaka mbele, ukiivaa unaonekana kama umejipinda kiuno.

Ya kwanza naipa nyota nne. Nao niliwauliza wanashonea wapi, wakanitajia kiwanda na mji siku hiyo hiyo. Ya tano nimeinyima kwa sababu kwenye upande wa watu ukaguzi wa siku chache siuamini kihivyo. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kule Karachi, Pakistan, kilipata cheti cha SA8000, cha haki za wafanyakazi, mwaka 2012, na wiki chache baadaye, Septemba, kikaungua na zaidi ya watu 250 wakafia ndani, madirisha yana nondo na milango imefungwa. Nikikumbuka hilo mkono unasita kubonyeza nyota ya tano, hata kama hawa hawana kosa.

Ya pili nyota mbili, zote za ulaini. Juzi nimerudi kwenye ukurasa wao kuangalia. Jani bado lipo. Neno "imethibitishwa" wamelitoa, wameweka "inayojali", na hilo halihitaji namba.