Mgeni Asiyelia: Mkalimani Anasoma L'Étranger

Nimekisoma mara tatu kitabu hiki, L'Étranger, riwaya ya Albert Camus iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1942. Mara ya kwanza nilikuwa najifunza Kifaransa, na nilikichagua kwa sababu ya uvivu tu: ni chembamba, na sentensi zake ni fupi. Nakala yangu ni ya toleo la mfukoni la Folio, namba 2 katika mfululizo wao, kurasa hazifiki 200. Gundi imeachia katikati, kwa hiyo ukurasa wa mauaji huchomoka wenyewe kila ninapokifungua. Mara ya tatu ni mwaka huu, baada ya miaka 12 ya kufanya ukalimani mahakamani, na safari hii kimenikera na kunishika kuliko zamani. Nakipa nyota nne. Ile ya tano nitaieleza.

Kwanza jina. Kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1946, Uingereza walikipa jina moja na Marekani jingine, ingawa mtafsiri alikuwa yule yule. Sisi tungesema "Mgeni" tukamaliza. Lakini mgeni wetu hupokewa mzigo, na methali inamngoja aje ili mwenyeji apone. Meursault, mhusika mkuu na msimulizi wa Camus, hamponyi mtu. Ana kazi ofisini Algiers, ana chumba, anakula kwa Céleste ambako wote wanamjua, na bado anaishi kama mtu aliyekaa stesheni akisubiri basi la kwenda mahali ambapo hana haja napo.

Halafu sentensi ya kwanza. "Leo mama amekufa. Au labda jana, sijui." Nimeweka "amekufa" kwa makusudi. Mtu wa kwetu akisema mama yake "amekufa" watu watamgeukia; mama hufariki, au hututoka. Kumbe Camus ameitega tofauti hiyo hiyo. Telegramu ya makao ya wazee ya Marengo inatumia neno la heshima, la ofisini: mama amefariki, mazishi kesho. Mwana ndiye anayetumia neno tupu. Wenye ofisi hawamjui huyo mama vizuri, lakini neno lao ni laini. Yeye aliyemwita "maman" maisha yake yote hana neno laini la kutoa. Nadhani kitabu kizima kimekaa hapo, katika tofauti ya kufariki na kufa.

Nilijaribu pia kutafsiri ile Jumapili anayokaa roshani mchana kutwa akitazama mtaa: wanaoenda sinema, wachezaji wa mpira wanaorudi wakipiga kelele kwamba wameshinda, paka. Nilishindwa kwa sababu ya -ka-. Msimulizi wa Kiswahili huipenda: akaamka, akavaa, akatoka, kila tendo limebebwa mgongoni na lililotangulia. Camus ameacha wakati uliopita wa riwaya za Kifaransa, akatumia ule wa mazungumzo ya kila siku, na kila sentensi inasimama peke yake. Kila nilipoweka -ka- ukurasa uliharibika, maana -ka- hudai kwamba jambo moja limeleta jingine. Nilirudi kwenye -li-, -li-, -li-, kama mtu anayeorodhesha vitu vya marehemu.

Wataalamu wetu wa fasihi huuita mtazamo huu, wa kuona maisha hayana maana, ubwege. Neno hilo linanisumbua, maana bwege ni mjinga, na huyu si mjinga hata kidogo. Camus mwenyewe, katika insha aliyoitoa mwaka huo huo wa 1942, aliueleza kama mgongano: binadamu anaulizia maana, dunia imenyamaza. Meursault ameacha kuuliza tu.

Wasomaji wengi husema hana moyo. Mimi naona ana macho mno. Kwenye mkesha wa mama yake anakunywa kahawa ya maziwa na kuvuta sigara na bawabu, kweli. Lakini ameona skrubu zinavyong'aa kwenye jeneza, na bandeji usoni mwa muuguzi. Ameona lami inavyopasuka kwa joto barabarani, na mzee Pérez, rafiki wa mama yake, anavyochechemea na kukata njia za mkato ili awafikie waliobeba maiti. Nilipomzika baba nilihesabu viti. Safu saba, na kimoja kilikuwa kimevunjika mguu. Shangazi alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, mbona hulii?" Sikuwa na jibu, na kile kiti ninakikumbuka mpaka leo kuliko hotuba zote za siku ile.

Sehemu ya pili, ya kesi ya Meursault baada ya kumuua mtu ufukweni, ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Kazi yangu ni kusema maneno ya mshtakiwa, yote, bila kuongeza. Watu hawajui jinsi hilo lilivyo gumu. Mtu anajibu "ndiyo", na ukumbi mzima unanitazama kana kwamba nimeficha kilichobaki. Meursault anaulizwa na wakili wake kama wanaweza kusema kwamba siku ya mazishi alizizuia hisia zake. Anakataa, kwa sababu si kweli. Sentensi moja ya uongo, ambayo wakili ameshaipika na kuiweka mezani, na haitaki! Anapoulizwa kwa nini aliua, anataja jua, na watu wanacheka. Mimi nimesikia majibu ya namna hiyo, nikayatafsiri kwa sauti ile ile kavu yaliyotolewa nayo, nikaona kalamu ya hakimu inasimama.

Kuna jambo dogo ambalo sijaona wahakiki wakilitilia maanani. Wakili anapomtetea, anasema "mimi": ni kweli kwamba nimeua. Meursault anashangaa, na askari aliye karibu naye anamwambia mawakili wote hufanya hivyo. Wakalimani pia. Kwa miaka yote hii nimesema "mimi nilimchoma kisu", "mimi nilikuwa nimelewa", kisha nikaenda nyumbani kula. Meursault anahisi kwamba anaondolewa kwenye kesi yake mwenyewe, na mtu mwingine amekaa mahali pake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu.

Ukumbini mama yake anazungumzwa kuliko mtu aliyeuawa. Wakili mwenyewe anauliza kama mteja wake anashtakiwa kwa kumzika mama au kwa kuua mtu. Wanaitwa bawabu, mkurugenzi wa makao, Pérez, Céleste, mpenzi wake Marie aliyekwenda naye kuogelea na kutazama filamu ya kuchekesha siku moja baada ya mazishi, hata jirani yake Salamano mwenye mbwa wa upele. Hukumu ni kukatwa kichwa hadharani, kwa jina la wananchi wa Ufaransa. Ukurasa wa kasisi anayemtembelea gerezani naupita haraka. Ni mzuri, lakini umeshanukuliwa vya kutosha.

Sasa nyota ya tano. Aliyeuawa ufukweni, kwa risasi moja kisha nne, ni "Mwarabu". Hana jina. Hana neno hata moja. Dada yake, ambaye pia hana jina, alipigwa na Raymond, jirani wa Meursault, na Meursault ndiye aliyeandika barua ya kumnasa dada huyo. Tuko Algeria inayotawaliwa na Ufaransa, mahakama imejaa, na hakuna Mwarabu hata mmoja aliyeitwa kutoa ushahidi. Hakuna mkalimani kwa sababu hakuna wa kutafsiriwa. Naweza kukubali kwamba Meursault hamwoni yule mtu. Lakini Camus alizaliwa nchi hiyo mwaka 1913, na mama yake mwenyewe hakujua kusoma na alisikia kwa shida. Mtu aliyekua karibu na ukimya wa namna hiyo angeweza kunionyesha, hata kwa nusu ukurasa, kwamba amesikia ukimya wa upande wa pili. Ilibidi mwandishi wa Algeria, Kamel Daoud, aje na riwaya yake mwaka 2013 ampe marehemu jina, Moussa.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika hivyo, kwa hasira, ndipo nikarudi kwenye siku ya kwanza gerezani. Chumba kimejaa wafungwa, wengi wao Waarabu. Wanamcheka alivyo, wanamuuliza amefanya nini. Anasema ameua Mwarabu. Wananyamaza. Jioni inaingia. Baada ya muda wanamweleza namna ya kutandika mkeka wake: ukikunja ncha moja, unapata mto. Camus hasemi walimweleza kwa lugha gani. Usiku kucha kunguni wanamtambaa usoni.