TAHADHARI: Gauni za watoto za "smokingi ya mkono" zinazouzwa mtandaoni hapa Mbeya

Wazazi wenzangu wa Mbeya, na nyie wa Makambako na Iringa mnaotumiwa mizigo kwa basi, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anatembeza kwenye magrupu ya WhatsApp picha za gauni za ubatizo, kifuani zimedariziwa juu ya marinda madogo madogo. Anasema ni smokingi ya mkono, kazi yake mwenyewe. Bei 65,000, nusu unatanguliza. Kinachofika kimeshonwa kwa cherehani na uzi wa mpira.

Mimi ni fundi, nashonea Mwanjelwa. Mama mmoja wa Uyole aliniletea gauni nimrekebishie, kifua kimelegea na halijafuliwa sana. Nililigeuza tu nikajua. Ndani kuna mistari ya uzi wa mpira iliyonyooka toka ubavu hadi ubavu, na pale pasi ya moto ilipopita mpira umekakamaa, ukiugusa unakatika. Mbele kabandika maua mawili matatu ya kudarizi ya kuzugia. Wameshakuja na wengine, mtindo ni huo huo.

Ukimbana anakwambia "vuta uone, inavutika". Usidanganyike na hilo, mpira nao unavutika! Smokingi yenyewe wakulima wa Uingereza walivaa karne ya 18 na 19 kwa sababu inavutika bila mpira wowote. Kitambaa kinapigwa nukta, kinashonwa bandi mstari kwa mstari, nyuzi zinavutwa marinda yasimame, halafu unadarizi kwa kushika vilele vya marinda peke yake. Mwisho bandi zinatolewa, darizi ndiyo inayobaki kushikilia. Kwa hiyo ndani utaona marinda matupu. Mshonaji mwingine huongeza mstari wa kushikilia kwa nyuma, sawa, lakini ni uzi wa kudarizi. Mpira ukiuona, umepigwa.

Kinachoniudhi zaidi ni wizi wa kitambaa. Anawaambia wateja wapeleke pamba yao wenyewe, upana mara tatu ya kifua cha mtoto. Kipimo hicho ni cha kweli kabisa, smokingi inakula kitambaa hivyo, na mtu akiuliza kwa fundi mwingine ataambiwa hivyo hivyo. Ila yeye anakunja kama mara mbili tu, kipande kinachobaki harudishi. Huyu si mjinga wa kazi, anaijua vizuri, ndiyo maana anawapata hata watu makini.

Na gauni hilo halitengenezeki. Nikifumua mpira, upana uliobaki hautoshi kuingiza marinda ya kweli. Yule mama wa Uyole nilimrudishia hivyo hivyo, ubatizo ulikuwa Jumapili.

Kama bado unataka kuagiza kwake au kwa yeyote, mwambie akutumie video akiligeuza gauni ndani nje, siyo picha ya mbele. Akikuahidi kesho kutwa, achana naye, kifua kimoja cha mtoto ni siku kadhaa za kukaa na sindano. Angalia pia jina linalotokea unapotuma hela. Kwa wateja wawili niliozungumza nao halikuwa lile analojiita, wakaambiwa "ni la mdogo wangu".

Namba yake siweki hapa, anabadilisha laini kila mara. Uliyekwisha kutuma, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako haraka kabla hela haijatolewa, ripoti namba hiyo kwenda 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), kisha nenda polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako). Meseji zake usifute. Na gauni msilifumue wala kulipeleka kwa fundi kwanza, ndilo ushahidi wenu.