Makaa ya maganda ya matoke kutoka Bwaise: yanafaa maharage kuliko chai

Makaa mbadala yanayotengenezwa na kikundi kimoja cha akina mama wa Bwaise, hapa Kampala, huuzwa kwa kopo na kwa gunia, na bei yake haipishani sana na ya makaa ya miti. Unafuu wake huonekana jikoni, pale sigiri iliyojazwa mara moja inapoivisha sufuria nzima ya maharage bila kuongezwa.

Malighafi ni maganda ya matoke kutoka majumbani na soko la Kalerwe. Huanikwa hadi yakauke, huchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo ili yawe makaa badala ya majivu, husagwa, kisha unga huo mweusi hukandwa kwa uji wa muhogo na kushindiliwa kuwa vitonge. Kitonge nilichokivunja kilikatika kwa sauti kavu na ndani hakikuwa na unyevu. Mnunuzi asione haya kukagua hivyo kabla ya kulipa, kwa sababu kitonge kibichi hufuka moshi na kumomonyoka motoni.

Kushika moto, yanachelewa, na bila vipande vichache vya makaa ya miti vya kuyawashia utapepea hadi mkono uchoke. Yakishakolea, hutoa moto wa taratibu unaofaa kabisa matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba yaive kwa mvuke, lakini anayewahi kazini asiyategemee kwa chai. Majivu ni mengi na huziba matundu ya sigiri. Uchache wa moshi nao usimdanganye mtu, maana gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na sigiri haipaswi kuwekwa katika chumba kilichofungwa.

Mimi nayanunua hasa kwa ajili ya mtaa. Bwaise iko bondeni, na mitaro ikizibwa na taka, mvua ya saa moja hutosha kuingiza maji majumbani. Tangu jaa la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, ni vigumu kumsikiliza anayesema kwamba maganda yaendelee kurundikwa huko. Isitoshe, mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika eneo la Acholi na kwingineko kaskazini, ambako miti ilikuwa ikikatwa ili sisi wa mjini tupike.

Kasoro kubwa ni upatikanaji. Vitonge hukaushwa juani juu ya maturubai, kwa hiyo masika yakianza mwezi Machi bidhaa huadimika, na ninavyoona, banda la kukaushia lenye paa la plastiki angavu lingesaidia sana. Vilevile kopo si kipimo cha haki, kwani vitonge vikubwa huacha mianya katikati na mteja hulipia hewa. Kikundi kikianza kuuza kwa kilo, nitanunua gunia badala ya kopo.